Seva moja chini ya meza, milango miwili ya kuingilia

Mteja wangu mwenye duka la jumla ana seva moja tu, imekaa chini ya meza ya mhasibu. Nimeiwekea Proxmox, programu inayogawa seva moja iwe kama kompyuta kadhaa (mashine pepe), na ndani yake kuna tatu: Windows Server ya programu ya uhasibu, Linux ya mafaili, na Linux nyingine ndogo ya mambo ya mtandao. Aliniuliza, "Fundi, nikiwa nyumbani naingiaje?"

Inategemea nani anaingia. Mimi fundi nina skrini ya Proxmox yenyewe, ile inayofunguka kwenye brauza kupitia poti (mlango wa mtandao) namba 8006. Ni kama umechomeka monita nyuma ya mashine: hata Windows ikipoteza mtandao, bado unaiona. Niliwahi kubadilisha anwani ya IP ya Windows nikiwa mbali, nikakosea tarakimu moja, dirisha likaganda. Skrini hiyo ndiyo iliyoniokoa safari ya usiku. Lakini usimpe mhasibu. Ni nzito, na risiti haitatoka kwenye printa yake ya nyumbani.

Yeye mpe RDP, njia ya kufungua skrini ya Windows ukiwa mbali, inayokuja na Windows yenyewe, printa na kunakili vikipita bila shida. Hapo ndipo penye mtego wa leseni. Windows Server inaruhusu watu wawili kwa wakati mmoja, tena kwa kazi za usimamizi tu. Wafanyakazi wa kila siku wanahitaji RDS, huduma ya Windows Server ya watu wengi kuingia kwa mbali, na leseni zake. Ukiiweka bila leseni inakuvumilia siku 120, kisha inawafungia nje. Fundi ameshalipwa, ameshaondoka. Ukiingia mwezi wa tano tangu aiweke, simu inaanza kuita.

Linux zote mbili naziingia kwa SSH, njia salama ya kuandika amri ukiwa mbali, basi. Programu kama AnyDesk au RustDesk nazitumia kumsaidia mtu aliyeketi mbele ya kompyuta yake.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni poti 3389, ile ya RDP, kufunguliwa kwenye ruta moja kwa moja. Kwa mteja huyu nilifungua kumbukumbu za usalama za Windows nikakuta tukio namba 4625, kuingia kulikoshindikana, mstari baada ya mstari, kila baada ya sekunde chache, kwa majina ya kubahatisha: Administrator, admin, test, user. Kubadilisha namba ya poti hakusaidii sana, wanaopekua hupekua zote. Nilifunga, nikaweka WireGuard (VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti) kwenye ile Linux ndogo, poti ya UDP 51820. RDP sasa inapatikana ndani ya njia hiyo pekee.

Kama intaneti ya ofisi ni ya laini ya simu ya mkononi, huenda mnagawana anwani moja na wateja wengine wa mtandao huo, na WireGuard haitafikika kutoka nje. Kodi seva ndogo ya mtandaoni yenye anwani yake, pande zote mbili zikutane hapo.

Mhasibu alinung'unika kwamba kuwasha WireGuard kwanza ni usumbufu. Nikamwekea ikoni mbili kwenye skrini, moja nikaiita "1", nyingine "2".