Kampa ya paa la kuinuka: mzigo uliobaki ni nini, na kwa nini unatangulia orodha ya vifaa

Kampa ya paa la kuinuka ni kijumba kinachokaa kwenye bodi ya nyuma ya pikapu. Mkiwa safarini paa limelala, limeizidi kabini kidogo tu. Mkifika, unalisukuma juu, kuta za turubai zinanyooka, na mtu mzima anasimama wima ndani. Kitanda kiko juu ya kabini, chini kuna jiko, kabati na mahali pa kukaa. Haina magurudumu yake wala haivutwi, na ukiishusha pikapu inarudi kubeba mbolea na viazi. Kwa Nyanda za Juu Kusini umbo hili linafaa kweli. Upepo wa Makambako hauisukumi kama unavyosukuma boksi refu, na kwenye njia za msituni za Mufindi au Rungwe matawi hayalikwaruzi paa.

Anayeagiza kampa mpya hupewa orodha ndefu ya kuchagua: friji, hita, sola, betri, tangi la maji, kivuli cha pembeni, bafu la nje, choo cha kubeba. Wengi huisoma kwa kuangalia bei. Mimi naona bei ije baadaye. Kinachotangulia ni mzigo uliobaki.

Kila gari lina uzito wa mwisho ambao mtengenezaji ameruhusu lifikie likiwa na kila kitu ndani yake. Uzito huo umeandikwa kwenye kibati, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Toa humo uzito wa gari lenyewe likiwa na tanki la mafuta lililojaa. Kinachobaki ndicho gari linachoweza kubeba, na humo wamo watu, dereva akiwa wa kwanza, pamoja na bampa la chuma, keria na winchi ulivyofunga mwaka juzi ukavisahau. Ukisikia pikapu fulani inabeba tani moja, jua kwamba mara nyingi namba hiyo ni ya gari jipya la kabini moja, lisilofungwa kitu.

Tufanye hesabu. Chukua pikapu ya milango minne ambayo kibati kinaruhusu kilo 3,000, na yenyewe ina kilo 2,050. Imebaki 950. Watu wazima wawili, 150, imebaki 800. Bampa la chuma la mbele, 60, imebaki 740. Kampa tupu tuseme 450, maana nyingi za kimo kidogo huwa kati ya 350 na 550; imebaki 290. Maji lita 60 ni kilo 60 kamili, 230. Betri mbili za AGM, yaani za risasi zilizozibwa, za ampea-saa 100 (kipimo cha umeme betri inaoweza kuhifadhi), kila moja karibu kilo 30, 170. Friji na chakula chake, 45; 125. Jiko na mtungi, 20, 105. Hita, 10; 95. Paneli mbili za sola, 20, 75. Matandiko, nguo, vyombo, jeki, koleo na zana, 70.

Zimebaki kilo 5. Hapo hatujafunga kivuli, hatujaweka tairi la pili la akiba, na mtoto wa kiti cha nyuma hana nafasi kwenye hesabu. Wala hakuna cha anasa tulichochagua. Ndiyo maana uzito mtupu unaoandikwa kwenye tangazo la kampa haukusaidii sana. Unaotakiwa kuujua ni uzito wa safari, maji yakiwa ndani na watu wameketi.

Fundi atakuambia aongeze majani ya springi. Aongeze, gari litanyanyuka nyuma na litatulia barabarani, lakini kibati hakijabadilika. Breki ni zilezile, ekseli ni ileile, matairi ni yaleyale. Mteremko wa Kitonga, wenye malori mbele na malori nyuma, utakuonyesha tofauti kati ya gari lililosimama vizuri na gari linaloweza kusimama. Matairi nayo yana namba yake ya mzigo ubavuni: 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 121 ni kilo 1,450. Isome kabla hujaagiza kampa.

Kuna jambo la pili ndani ya dhana hiihii, nalo ni mahali uzito unapokaa. Bodi ya Hilux ya milango minne ina urefu wa kama mita 1.5, na sehemu yake kubwa iko juu ya ekseli ya nyuma au nyuma zaidi. Ukipachika maji, betri na mtungi mkiani, pua ya gari inakuwa nyepesi, usukani unalegea, na chesisi inabebeshwa nguvu ya kupinda pale nyuma ya kabini kila unapoingia shimo. Vitu vizito vikae mbele ya ekseli ya nyuma, chini kabisa, vimeegemea ukuta wa kabini. Ukiwa hujanunua gari bado, pikapu ya kabini moja, yenye bodi ya kama mita 2.3, au ya kabini moja na nusu, yenye kama mita 1.8, itakupunguzia mashaka mengi.

Sasa kwenye uchaguzi wenyewe. Badala ya betri mbili za AGM, moja ya lithiamu ya ampea-saa 100 ina kama kilo 12 tu. AGM hushauriwi kuitumia chini ya nusu, ya lithiamu unaitumia karibu yote, kwa hiyo moja inakaribia kazi ya mbili na umeokoa karibu kilo 48. Ni ghali, lakini kwenye orodha yote sioni fedha inayonunua kilo nyingi kiasi hicho. Ila lithiamu haichajiwi chini ya nyuzi sifuri, na Kitulo, kwenye uwanda wa kama mita 2,600, Juni na Julai sakitu huanguka kweli. Chagua yenye kinga ya ndani inayokata chaji baridi ikizidi, na uiweke ndani ya kampa.

Sola ni nzuri, lakini usiitegemee peke yake ukiwa Mafinga wakati wa ukungu. Siku mbili tatu za mawingu mazito, na friji inayokula ampea-saa 30 hadi 50 kwa siku, vinamaliza betri. Weka chaja inayochukua umeme wa altaneta gari linapotembea. Ni kidude chepesi, na kwa huku kwetu ningekiweka mbele ya paneli ya pili. Paneli hiyo ya pili ina tatizo lingine: inakaa juu ya paa unalopaswa kulisukuma kwa mikono. Kila kilo juu ya paa utainyanyua kila jioni, kwa hiyo ukiongeza paneli agiza na fimbo za gesi za kuinulia paa zenye nguvu inayolingana.

Maji ni mahali ambapo mtu wa huku anaweza kujipa nafuu. Tangi kubwa limebuniwa kwa wanaokaa jangwani wiki nzima. Tukuyu, Makete, Njombe, maji hayako mbali. Madumu mawili ya lita 20 yanatosha watu wawili, unayajaza unapofika, na barabarani yanaenda matupu. Mkielekea Hifadhi ya Ruaha mwezi wa Agosti, hapo jazeni yote na mwongeze moja.

Baridi ndiyo inayostahili kilo zako. Cha kwanza ni kitambaa cha ndani cha kukinga baridi, kinachoning'inia upande wa ndani wa turubai. Bila hicho, pumzi za watu wawili usiku mzima hugeuka maji. Alfajiri ukigusa ukuta kiganja kinatoka kimelowa, na matone yanafuata mshono mpaka kwenye kona ya godoro. Kitambaa hicho, pamoja na feni ndogo ya paa iliyofunguliwa kidogo hata kwenye baridi, hukausha hewa. Cha pili ni hita ya dizeli. Nyingi zimepangwa kufanya kazi bila marekebisho hadi kama mita 1,500, na Mbeya mjini tayari ni kama 1,700. Hewa ikiwa nyepesi mafuta yanazidi, na hita inajaa masizi mpaka inagoma. Agiza yenye marekebisho ya mwinuko, na bomba lake la moshi litoke nje kabisa, mbali na dirisha.

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya kampa, hata kwa dakika kumi za kupasha joto. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na chumba ni kidogo kuliko jiko la nyumbani. Kengele ya kuitambua gesi hiyo ni nyepesi kama simu. Ifungeni karibu na kitanda.

Gesi ya kupikia nayo ina tabia yake. Mitungi huwa na mchanganyiko wa propani na butani, na butani inakaribia kuacha kutoa mvuke kwenye nyuzi sifuri. Asubuhi ya sakitu moto wa jiko unaweza kuwa dhaifu, na maji yenyewe kule juu yanachemka kwenye nyuzi kama 91, hivyo maharage yatachukua muda. Panga kifaa cha kufunika mtungi, au usiku uuweke kwenye sanduku lake lenye tundu la kutolea gesi nje. Na kumbuka mtungi wa kilo 6 una kilo 6 za gesi tu. Chuma chake kina uzito wake, umeandikwa shingoni.

Ukiagiza kutoka Marekani, angalia upande. Kampa za kule zimepangwa kwa gari linaloendeshwa kulia mwa barabara, hivyo kivuli na dirisha la kuhudumia mara nyingi viko kulia. Ukiegesha pembeni mwa barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, upande huo unatazama malori. Omba viwekwe kushoto. Umeme wao wa kuchomeka ni volti 120, wetu ni 230, na inveta au chaja isiyolingana itaungua.

Kuhusu kipi kiagizwe kiwandani na kipi kingoje, kipimo changu ni tundu. Chochote kinachotoboa paa au ukuta, au waya unaopita ndani ya ukuta, kiagizwe mwanzoni: feni, njia ya nyaya za sola, dirisha, njia ya moshi wa hita. Tundu lililotobolewa baadaye na kuzibwa kwa silikoni ndilo litakalovuja masika. Friji ya kubeba, choo na kivuli vinaweza kungoja msimu mmoja, mpaka mjue mnavyolala na mnavyopika. Na kabla ya kusaini orodha, peleka pikapu kwenye mzani wa malori wa kiwanda au ghala lililo karibu nawe, tanki limejaa na wanaosafiri wamo ndani. Pima gari zima, kisha ekseli ya nyuma peke yake.

Mwisho ni kufunga. Kampa inashikwa na vyuma vinne vya kukazia vilivyounganishwa na ndoano kwenye sakafu ya bodi. Bati la bodi ni jembamba. Bolti ikiachwa na washa ndogo, bati linavimba juu na kupasuka taratibu kuizunguka. Mwambie fundi aweke sahani ya chuma chini, upana wa kiganja, apake dawa ya kutu kwenye ukingo wa tundu, na atumie nati za kujifunga. Kaza upya baada ya kilomita chache za kwanza za vumbi, kisha kila asubuhi kabla ya kuwasha gari.