Kumwandikisha mtoto nyumba ungali unaishi humo

Kwenye dawati la msaada wa kisheria hapa Dodoma, wazazi wengi hutuuliza jambo moja: wabadilishe jina kwenye hati ya nyumba wangali hai, "ili nikifa wasigombane". Nia ni njema. Ila wengi huja na jina la mtoto tayari, na hawajafikiria wao wenyewe watabaki pale kama nani.

Wosia huanza kufanya kazi ukishafariki. Ukiwa hai unaweza kuubadilisha au kuufuta hata kesho. Zawadi iliyokwisha kusajiliwa kwa Msajili wa Hati hairudi kirahisi. Kuanzia hapo nyumba ni ya mtoto: akiiweka rehani benki akashindwa kulipa, dalali hataulizia nani alichimba msingi. Akitangulia yeye kufariki, nyumba inaingia kwenye mirathi yake, na pengine utajikuta unajadili chumba chako na mkwe. Ndiyo maana wengi nawashauri waandike wosia, wenye mashahidi wanaotakiwa kisheria, na wanaweza kuuhifadhi RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.

Kama bado unataka kuhamisha sasa, andika masharti. Chukua mfano wa mjane wa Nkuhungu mwenye nyumba kubwa na vyumba vitatu vya kupangisha uani. Hati ya zawadi iseme ataishi humo hadi mwisho wa maisha yake, kodi ya vile vyumba apokee yeye, na nyumba isiuzwe wala kuwekwa rehani bila ridhaa yake ya maandishi. Iseme pia nani atalipa kodi ya pango la ardhi na nani atakarabati paa. Hata kodi ya majengo ni ya kuzungumza: inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeilipa, na mara nyingi ni huyo huyo bibi.

Karatasi hiyo ikikaa kabatini tu, benki haitaiona. Mwombe wakili akueleze namna haki yako ya kukaa itakavyoonekana kwenye daftari la Msajili, kwa mfano kwa kusajili mkataba wa upangaji wa muda mrefu au kuweka zuio, yaani tahadhari daftarini kwamba una haki kwenye nyumba hiyo. Na tafadhali, zawadi iandikwe zawadi. Kuna wanaojaza mkataba wa mauziano wenye bei ya kubuni. Ndugu wengine wakija kuhoji fedha zilikwenda wapi, kesi imeshaanza.

Mwenzi wako lazima ahusishwe. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza, kutoa zawadi au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Kwa Waislamu, hiba, yaani zawadi ya mtu angali hai, inahitaji tamko, kupokelewa na kukabidhiwa. Mzazi anayebaki ndani ya nyumba aliyoitoa amwone mapema mjuzi wa sheria ya Kiislamu, maana suala la makabidhiano ndilo hubishaniwa baadaye.

Jambo la Dodoma mjini: hati nyingi za zamani zilitolewa na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kwa miaka 33. Mamlaka hiyo ilivunjwa mwaka 2017 na shughuli zake zikahamia halmashauri. Soma tarehe kwenye hati yako kabla ya kumpa mtoto miaka michache iliyobaki. Walioko vijijini Bahi au Chamwino wenye hatimiliki ya kimila waanzie halmashauri ya kijiji.

Ukija ofisini, beba hati halisi, risiti za kodi ya pango la ardhi, cheti cha ndoa, au cheti cha kifo kama mwenzako amefariki. Ikiwa nyumba ingali kwa jina la marehemu na mirathi haijafunguliwa, tutaanza na mirathi. Huwezi kumpa mtoto kisichokuwa chako peke yako. Siku ya kwanza njoo bila yule mtoto. Tunapenda kukusikia wewe kwanza.