Walowezi wa Kwanza wa Kiingereza Amerika: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi wetu tulifundishwa kwamba Waingereza wa kwanza walivuka Atlantiki kutafuta uhuru wa kuabudu. Ukweli ni kwamba Jamestown, makazi yao ya kwanza yaliyodumu Amerika, yalianzishwa mwaka 1607 na Kampuni ya Virginia, iliyokuwa na hati ya Mfalme James I na wenye hisa waliotazamia dhahabu na njia ya majini ya kufikia Asia. Hata katika Mayflower, iliyofika mwaka 1620, waliojitenga na Kanisa la Uingereza walikuwa takriban nusu tu ya abiria 102, na safari yenyewe iligharimiwa na wafanyabiashara waliotaka faida.

Dhana iliyoumiza watu zaidi ni ile ya ardhi isiyo na wenyewe. Jamestown ilijengwa ndani ya Tsenacommacah, nchi ya makabila yapatayo 30 yaliyomtii Wahunsenacawh, mtawala ambaye Waingereza walimwita Powhatan, na watu wake walikuwa na vijiji na mashamba ya mahindi. Plymouth nayo, walikoshukia abiria wa Mayflower, ilikuwa Patuxet, kijiji cha Wawampanoag kilichoangamizwa na maradhi yaliyotoka Ulaya kati ya 1616 na 1619. Tisquantum, aliyewafundisha wageni hao kupanda mahindi, alizaliwa papo hapo. Mwaka 1614 nahodha Mwingereza alimteka na kumpeleka Hispania kumuuza. Baadaye akafika London, na aliporudi kwao mwaka 1619 alikuta mahame. Ni vigumu kusoma habari zake kisha ukaendelea kuyaita mashamba yale pori.

Husemwa pia kuwa walowezi walifaulu kwa bidii yao wenyewe. Jamestown ilitegemea mahindi ya wenyeji, yaliyopatikana kwa kubadilishana au kwa mtutu wa bunduki, tena katika miaka ya ukame mkali. Uhusiano ulipovunjika na ngome ikazingirwa, majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 yaliwaacha hai watu wapatao 60 tu kati ya mamia.

Kilichoiokoa koloni hiyo ni tumbaku, ambayo mlowezi John Rolfe alianza kuilima yapata mwaka 1612. Lakini tumbaku huchosha udongo haraka na hudai mikono mingi, kwa hiyo kampuni ikamwahidi aliyegharimia safari ekari 50 kwa kila mtu aliyemleta, nazo zilikuwa ekari za watu wa Powhatan. Wengi walioletwa walikuwa Waingereza maskini waliofungwa na mikataba ya utumishi wa miaka kadhaa. Wanaodhani kwamba Waafrika waliletwa baadaye sana wanakosea: mnamo Agosti 1619, wiki chache baada ya baraza la kwanza la wawakilishi kukutana Jamestown, Waafrika zaidi ya 20 waliotekwa Angola walishushwa Point Comfort, pwani ya koloni hiyo, na kubadilishwa kwa chakula.