Saikolojia ni sayansi? Nipe rula kwanza

Nafundisha saikolojia ya elimu kwa walimu watarajiwa hapa Iringa. Kila muhula wale wa fizikia na hisabati hunirushia swali lilelile: hii nayo ni sayansi, au ni maneno matamu tu? Siwalaumu. Saikolojia wanayoijua wengi wao ni ile ya semina za ndoa na ya meseji za WhatsApp.

Basi naanza na rula. Mmoja anaishika kwa juu, mwenzake anatega vidole chini bila kuigusa. Rula inaachiwa ghafla, anaidaka. Ikidakwa baada ya kushuka sentimita 20, kanuni ya kuanguka kwa vitu, waliyoisoma sekondari, inatoa sekunde 0.2 hivi. Huo ndio muda uliopita tangu jicho lilipoona hadi vidole vikabana.

Halafu naongeza rula ya pili, mkono wa kushoto. Sasa mdakaji hajui ipi itaachiwa, na anatakiwa adake kwa mkono wa upande huohuo tu. Muda unarefuka, na rula za sentimita 30 zinapita zote mpaka sakafuni, ndiyo maana siku hizi natumia zile za mita moja za ubaoni. Toa muda wa kwanza kwenye muda wa pili: kinachobaki ni makadirio ya muda wa kuchagua. Hesabu hii ya kutoa si yangu. Ni ya Franciscus Donders, tabibu wa Uholanzi, mwaka 1868.

Kwa wakati wake lilikuwa jambo kubwa. Mwanafalsafa Immanuel Kant alikuwa ameandika mwaka 1786 kwamba elimu ya nafsi haiwezi kuwa sayansi kamili, kwa kuwa hisabati haina pa kushika ndani yake. Johannes Müller, mwanafiziolojia mwenye jina kubwa Ujerumani, naye aliona kasi ya ishara ndani ya neva haitapimika kamwe. Mwanafunzi wake mwenyewe, Hermann von Helmholtz, aliipima kufikia 1850 kwa neva na msuli wa chura, akapata mita 27 hivi kwa sekunde. Ukigeuza ni kilomita kama 97 kwa saa, mwendo wa basi la Mbeya kwenye tambarare za Usangu trafiki asipokuwepo. Kama ishara inasafiri, basi kuhisi na kuamua vinachukua muda, na muda unapimika.

Vitabu vyetu husema saikolojia ilizaliwa 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig. Ni tarehe ya kukubaliana tu, maana kazi ilikwishaanza. Alichokifanya Wundt ni kuipa makao: chumba, vifaa na wanafunzi waliorudi kwao kufungua maabara nyingine. Lakini wengi wa kizazi hicho walitegemea pia mtu kujichunguza na kueleza anachokiona ndani mwake. Wengine wakasema hakuna wazo lisilo na taswira, wengine wakasema lipo, na hapakuwa na njia ya kuamua nani kakosea. Mwaka 1913 John Watson, mwanasaikolojia wa Marekani, alichoka akataka somo lote liwe la tabia inayoonekana tu. Kwa maoni yangu alivuka mpaka, ila kero yake naielewa.

Hapo wale wa fizikia hudhani nimewapa ushindi: kumbe sayansi ni vifaa na namba. Nawaambia wafikirie Kalenga, si mbali na tunapokaa. Fuvu lililopo makumbusho pale lilirudishwa mwaka 1954 na Gavana Twining kama la Mkwawa, kutoka jumba la makumbusho la Bremen. Kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa huko, lilichaguliwa kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu zake. Tujiulize kwanza kwa nini mji wa Ujerumani ulikuwa na mafuvu mengi kiasi hicho. Enzi zilezile za Wundt, wasomi wengine walikuwa wakipima vichwa vya watu wa makoloni kwa milimita, wakidai kusoma humo akili na hadhi ya taifa zima. Walikuwa na vifaa, jedwali na digrii. Kilichokosekana ni ushahidi kwamba kipimo kile kinapima walichodai, na utayari wa kukubali kuwa hakipimi.

Semina za ndoa zina tatizo lingine kabisa. Zile aina nne za haiba, sangwini na wenzake, zinatokana na nadharia ya tabibu wa Kigiriki, Galen, na majimaji manne ya mwili. Ukiwa mchangamfu ni sangwini. Ukinyamaza, ni sangwini aliyechanganyika na melankoli. Hakuna tabia inayoweza kuonyesha kwamba nadharia imekosea. Sehemu kubwa ya nadharia za Sigmund Freud, aliyeeleza tabia kwa mambo yaliyofichika akilini, naiweka kapu hilohilo, na wenzangu wa ushauri nasaha hununa nikisema hivyo.

Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitangaza matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizokwisha kuchapishwa. Karibu zote zilikuwa zimedai matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani ambayo ni vigumu kuyaeleza kwa bahati tu. Ziliporudiwa, asilimia 36 tu ndizo zilizotoa matokeo ya aina hiyo. Wapinzani wetu huitumia kama fimbo. Mimi nawauliza ni semina gani ya haiba iliyowahi kujikagua hivyo hadharani.

Kinachonisumbua zaidi ni waliopimwa. Jeffrey Arnett alionyesha mwaka 2008 kwamba asilimia 96 hivi ya washiriki katika majarida makubwa ya Marekani aliyoyachunguza walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, zenye kama asilimia 12 ya watu wa dunia. Na tofauti zipo hata kwenye mambo madogo. Ile michoro ya mistari miwili iliyo sawa, mmoja ukionekana mrefu kwa sababu ya mishale ya ncha zake, Segall na wenzake waliipeleka kwa jamii mbalimbali, zikiwemo za Afrika, wakachapisha mwaka 1966: si wote wanaodanganyika kwa kiwango kimoja. Kwa hiyo mwalimu anayekwenda Makete au Ludewa na jedwali la uwezo wa mtoto wa miaka saba, kwanza aangalie limepatikana kwa watoto wa wapi.