Je, Wajua Kwa Nini Paka Mchanga Anayekupenda Ndiye Anayekuuma?

Ni saa moja usiku. Umeketi mkekani, mtoto wa paka wa miezi miwili na nusu amejikunja mapajani mwako, anakoroma kwa raha huku macho yakimsinzia, nawe unampapasa mgongo. Mara masikio yanalala nyuma, mkia unachapa mara mbili, na kabla hujawahi kuondoa mkono ameshaukumbatia kwa miguu ya mbele, anaupiga mateke kwa miguu ya nyuma, na meno yake membamba kama sindano yamezama kwenye ngozi iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Sekunde chache baadaye anakulamba palepale alipouma, kisha anajikunja upya na kuendelea kukoroma.

Wengi wetu huwa na hukumu ya haraka juu ya tabia hii: paka hana shukrani, paka huyu amedekezwa, au paka huyu ana asili ya ukali. Hukumu zote tatu haziligusi jambo lenyewe. Paka huyo hajakasirika wala hajakugeuka. Anakutendea kama ambavyo angemtendea ndugu yake wa tumbo moja, na anakosea kipimo kwa sababu hakuna aliyemaliza kumfundisha kipimo hicho.

Paka huzaliwa akiwa haoni, na macho yake hufunguka kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14. Meno ya utotoni, ambayo jumla yake ni 26, huanza kuchomoza yapata wiki ya 3, na kufikia wiki ya 4 watoto wa tumbo moja huwa wameanza michezo ya kuviziana, kurukiana, kukumbatiana na kung'atana shingo. Mtazamaji huona vurugu tupu, lakini ndani ya vurugu hiyo pana shule. Anayeng'ata kwa nguvu kupita kiasi hupigiwa kelele na mwenzake, au hung'atwa yeye, au huachwa peke yake pale mchezo unapokatika ghafla. Na mama naye, akiumizwa ziwa na mnyonyaji mwenye meno, huinuka na kwenda zake. Kwa kurudiwa mara nyingi kila siku, mambo hayo humfundisha mtoto wa paka kwamba meno yakizama sana, raha hukatika. Michezo hii ya ndugu kwa ndugu hupamba moto zaidi kuanzia wiki ya 9 hadi ya 14 hivi, ndipo hupungua.

Sasa linganisha ratiba hiyo na umri ambao paka wengi huletwa majumbani kwetu. Aliyeko kwangu sasa nilimwokota karibu na soko la samaki akiwa na wiki 5 au 6 tu, akilia chini ya beseni lililopinduliwa, bila mama wala ndugu. Alijua kunyonya, alijua kulia, na alikuwa ameanza kula dagaa waliopondwa, lakini masomo ya kung'ata alikuwa hajayafikisha hata nusu. Ndiyo maana wajuzi wa wanyama hushauri mtoto wa paka abaki na mama na nduguze hadi atimize angalau wiki 8, na ikiwezekana 12, hata kama ameshaacha ziwa na anakula mwenyewe. Kuachishwa ziwa ni jambo moja, na kumaliza malezi ni jambo lingine.

Kosa la pili ni letu wenyewe, na naliona kuwa kubwa kuliko la kwanza. Paka akiwa mdogo kama ngumi, ni nani asiyechezesha vidole chini ya kanga ili amwone akivirukia? Watoto hucheka, wakubwa hucheka, na meno yale hayaumi. Kila siku tunamfundisha kwamba vidole ni mawindo, kisha anapofika miezi mitatu, ana misuli na kucha za kweli, tunamgombeza kwa kulijua vizuri somo tuliloanza kumpa wenyewe.

Upo pia uumaji wa namna nyingine, usiotokana na mchezo. Ngozi ya paka ina hisi kali, na kupapaswa mfululizo mahali pamoja, hasa kiunoni karibu na shina la mkia, huweza kugeuka kutoka raha kuwa kero. Paka hutoa taarifa kabla ya kuuma: ngozi ya mgongo hutetemeka, mkia huanza kuchapa, masikio hugeukia nyuma, mkoromo hukatika, na kichwa hugeukia mkono. Ukiziona dalili mbili kati ya hizo, ondoa mkono na mwache apumzike. Tumbo nalo lina habari yake. Methali husema paka hakubali kulala chali, lakini paka mchanga aliyeizoea nyumba hulala chali kabisa, miguu juu, mbele ya mtu anayemwamini. Hiyo ni dalili ya kuaminiwa na si ruhusa ya kushika tumbo, kwani ukilishika, miguu yote minne hufunga juu ya mkono wako kama mtego. Mpapase mashavuni, chini ya kidevu na kati ya masikio, mahali ambapo paka wenyewe husuguana.

Je, afanye nini mtu ambaye mkono wake tayari uko mdomoni? Jibu la kwanza ni gumu kulitii: asiuvute. Kitu kinachokimbia ndicho mawindo, na mkono unaovutwa kwa ghafla humzidishia paka ari ya kuung'ang'ania, mbali na kwamba kucha huchana ngozi zaidi. Uache mkono ulegee kabisa, au usukume taratibu kuelekea kwake ili alegeze taya, kisha inuka bila neno na uondoke chumbani kwa dakika moja hivi. Hilo ndilo somo lilelile ambalo ndugu zake wangempa. Linahitaji kila mtu nyumbani kulifuata, kwa sababu paka anayeachwa na mama wa nyumba na kuchezewa kwa vidole na mjomba hajifunzi lolote ila kumtafuta mjomba.

Baada ya kumnyima mkono, ni lazima apewe kitu kingine cha kushambulia, kwa maana hamu ya kuwinda haiondoki kwa kukatazwa. Kipande cha kitambaa kilichofungwa mwishoni mwa kamba nene ya mkonge, chenye urefu wa mita moja au zaidi, kinatosha kabisa. Kiburute chini kama mjusi akimbiaye, kisimamishe, kifiche nyuma ya mguu wa kiti, kisha kitoe tena. Soksi kuukuu iliyojazwa matambara ni nzuri kwa yule apendaye kukumbatia na kupiga mateke. Lakini uzi wa kushonea, mpira mwembamba wa kufungia na utepe visiachwe sakafuni baada ya mchezo. Ulimi wa paka una vijimiba vinavyoelekea kooni, hivyo uzi ukishaingia ni vigumu kuutema, na ukifika tumboni huweza kuyakunja matumbo na kuyakata.

Wakati wa kucheza una maana kuliko urefu wake. Paka ni mnyama wa machweo na mapambazuko, na ndiyo sababu mbio za wazimu huanza jioni na tena alfajiri, vidole vya miguu yako vinapojitokeza nje ya shuka. Kuwinda kwake kuna mfuatano: kuvizia, kurukia, kukamata, kung'ata, kula, kujilamba, kulala. Ukimchezesha dakika 10 hadi 15 kabla tu ya chakula chake cha usiku, ukamwacha mwishoni aikamate kamba na kuing'ata barabara, kisha ukampa chakula, mwili wake huumaliza mfuatano huo na usingizi humjia wenyewe. Akikurukia miguuni alfajiri, usiamke kumpa chakula, maana atajua kwamba kuuma vidole ndiko kubisha hodi jikoni. Usipomjibu, tarajia siku kadhaa za usumbufu kuongezeka kabla haujapungua. Wengi hukata tamaa hapohapo, siku moja au mbili kabla ya kushinda.

Adhabu haisaidii. Kumpiga kofi puani, kumtikisa kwa ngozi ya shingo, kumpaka pilipili au kumrushia ufagio wa chelewa humfundisha jambo moja tu, kwamba mkono wa binadamu hauaminiki, na paka anayeuogopa mkono huuma kwa nguvu zaidi kuliko anayeuchezea. Umri wa kati ya wiki ya 2 na ya 7 ndio ambao paka huzoea kwa urahisi zaidi kushikwa na watu, na aliyeanza vizuri katika muda huo anaweza kuharibiwa baadaye kwa vipigo.

Tabia ya kukanda, ambayo wengine huihesabu kuwa ukorofi, ina historia nyingine. Mtoto wa paka hukanda titi la mama kwa miguu ya mbele ili maziwa yatoke, na anapokukanda mapaja kama mtu anayekanda unga wa chapati, yuko katika raha ileile. Tandika taulo mapajani, na umpunguze ncha za kucha, ile sehemu angavu tu, bila kufikia sehemu ya waridi yenye damu.

Kwa mwenye nafasi na uwezo, dawa nyepesi kuliko zote ni kumleta mwenzake wa umri ule. Wawili hufundishana kwa saa moja kile ambacho binadamu hukitolea jasho kwa mwezi.

Jambo moja halina mzaha. Meno ya paka ni membamba na huingiza vijidudu ndani sana, kisha tundu hufunga juu, na uvimbe huweza kuanza ndani ya siku moja. Kichaa cha mbwa nacho huenezwa na paka pia. Kidonda cha meno ya paka kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mwenye nacho aende kituo cha afya bila kuchelewa, hasa kama paka hana chanjo, ni wa mtaani, au amebadilika ghafla. Mtoto wa paka apelekwe kwa daktari wa mifugo apate chanjo hiyo afikapo miezi mitatu hivi.

Huyu wangu wa sokoni ana miezi saba sasa, na meno yake 30 ya ukubwa yameshaota yote. Mikono yangu imepona. Kila alfajiri, kabla ya adhana, hupanda kitandani akiwa na kamba yake ya mkonge mdomoni, huidondosha usoni pangu, na kuketi akisubiri.