Kasi ya intaneti siyo inayofikisha sauti mtamboni

Wengi wanaoendesha redio ndogo huamini kwamba sauti ikikatikakatika kati ya studio na mtambo wa kurushia matangazo ulioko mlimani, dawa yake ni kununua intaneti yenye kasi zaidi. Dhana hiyo si sahihi. Sauti ya stirio isiyobanwa, yenye ubora wa sidii, huhitaji takriban megabiti 1.4 kwa sekunde, na ikibanwa kwa kodeki (programu ya kupunguza ukubwa wa data ya sauti) iitwayo Opus, kilobiti 128 kwa sekunde hutosha.

Kinachokata sauti, mara nyingi, ni pakiti, yaani vipande vidogo vya data ambavyo sauti hukatwa ili isafirishwe kwenye intaneti, zinazopotea njiani au kufika kwa vipindi visivyo sawa, kwa kuwa matangazo hayasubiri: zamu ya pakiti ikifika nayo haijawasili, msikilizaji husikia pengo. Ndiyo maana kipokezi cha mlimani huwekewa akiba ya sauti ya nusu sekunde au zaidi, ili pakiti iliyochelewa iwahi zamu yake, ingawa kwa kufanya hivyo mtangazaji hawezi tena kujisikiliza kupitia redio bila kuvurugwa na sauti yake mwenyewe inayomrudia kwa kuchelewa. Kwa maoni yangu, fedha za kuongezea kasi ni heri zilipie laini ya pili, ya kampuni nyingine na inayopita njia tofauti, kisha pakiti zilezile zitumwe kupitia laini zote mbili, ili inayopotea kwenye moja ifike kwa nyingine.