Je, dola ikiyumba majirani hugeuka maadui?
Wapo wengi jijini Nairobi wanaosimulia machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 kana kwamba, dola ilipoyumba na kuacha ombwe la mamlaka, majirani waligeukiana ghafla kwa chuki waliyozaliwa nayo. Simulizi hiyo ni rahisi mno. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza machafuko hayo na kuhesabu vifo 1,133, ilibaini kwamba, ingawa mahali pengine fujo zilizuka zenyewe, kwingineko zilipangwa, wanasiasa na wafanyabiashara wakihusika. Katika Kibera na Mathare, mitaa ya mabanda ya Nairobi, ugomvi wa zamani kati ya wapangaji na wenye nyumba kuhusu kodi nao ulivishwa vazi la kabila. Kwa hiyo kilichoitwa ombwe kilikuwa na waandalizi na wanufaika wake (jambo ambalo wasimulizi, kwa bahati mbaya, hulisahau upesi).